Ukuta Ulioanzia Mezani

Watu wa rika langu tuliijua Afrika Kusini kwa redio. Tulijua Sharpeville na Soweto, tulijua Kisiwa cha Robben, na neno makaburu tulilitamka kabla hatujaweza kuionyesha nchi yao kwenye ramani. Tukaamini kuwa ubaguzi wa rangi ulizaliwa mwaka 1948, chama cha National Party kiliposhinda uchaguzi na kuanza kutunga sheria moja baada ya nyingine. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri hapa Dar es Salaam, na nafundisha historia ya kanisa kwa vijana wa kipaimara. Kadiri ninavyoisoma habari hii ndivyo ninavyosadiki kwamba ukuta ule ulianza kujengwa miaka 90 na zaidi kabla ya uchaguzi huo, na haukuanzia bungeni. Ulianzia kwenye Meza ya Bwana.

Waholanzi walifika rasi ya kusini mwa Afrika mwaka 1652, na Kanisa lao la Matengenezo likaja nao. Haukupita muda wakaleta watumwa kutoka Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya Indonesia. Wakhoi, wenyeji wa nchi, wakageuzwa vibarua juu ya ardhi yao wenyewe. Katika kanisa hilo Chakula cha Bwana kililiwa watu wakiwa wameketi mezani hasa, tena si kila Jumapili. Ilipofika siku yake, mara nne hivi kwa mwaka, wakulima walifunga safari na magari yao ya ng'ombe, wakapiga kambi kuzunguka kanisa, wakabatiza watoto, wakafungisha ndoa, wakauza na kununua. Kisha wakaingia na kuketi. Mkate ukapita mkono kwa mkono, kikombe kikapita kinywa kwa kinywa.

Kikombe hicho ndicho kilichozua neno. Mtumwa au Mkhoi aliyebatizwa na kukiri imani alikuwa mshiriki kama wengine, kanuni haikumtenga. Basi aketi wapi? Na akishakunywa, nani atakubali kunywa baada yake?

Mwaka 1829 swali hilo liliulizwa wazi. Huko Somerset West, karibu na Cape Town, alikuwapo mtu wa rangi mchanganyiko, jina lake Bentura Visser, aliyekiri imani na kupokewa kuwa mshiriki. Baadhi ya Wazungu hawakutaka kula naye. Shauri likapelekwa juu, na sinodi ikatoa jibu ambalo mpaka leo nikilisoma najisikia kusimama: jambo hili halifai hata kuwekwa kwenye ajenda. Washiriki wote wataipokea Sakramenti pamoja, bila kuangalia rangi wala ukoo, kwa sababu hivyo ndivyo Neno la Mungu linavyotaka. Nawaambia vijana wangu waukumbuke mwaka huo, maana unawanyima utetezi wale wanaosema watu wa zamani hawakujua. Walijua, na waliandika.

Ila nchi ilikuwa inabadilika. Mwaka 1834 Waingereza, waliokuwa watawala wa koloni, walifuta utumwa. Maelfu ya wakulima walipakia magari yao na kuhamia bara. Anna Steenkamp, mpwa wa kiongozi wao Piet Retief, aliandika baadaye kwamba kilichowaudhi zaidi si watumwa kupewa uhuru, bali watumwa hao kuwekwa sawa na Wakristo. Baadhi ya walioachwa huru walikuwa wamebatizwa tayari. Katika fikra zake ubatizo wao haukuhesabika.

Wazungu waliobaki nao walikuwa na malalamiko yao. Kwenye bonde la mto Kat, mashariki mwa koloni, ulikuwapo usharika wa Stockenström ambao wengi wake walikuwa Wakhoi. Wazungu waliohamia huko katika miaka ya 1850 wakaomba kula Chakula cha Bwana peke yao. Ombi likapanda ngazi hadi sinodi ya Cape ya mwaka 1857. Wajumbe walibishana, wapo waliotaka kusimama palepale waliposimama baba zao wa 1829. Mwishoni likapita pendekezo la Andrew Murray mzee, mchungaji Mskoti wa Graaff-Reinet, mtu mcha Mungu ambaye hakuna aliyemtilia shaka.

Azimio lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilisema ni vema, na ni sawa na Maandiko, kwamba waongofu wasio Wazungu wapokewe katika sharika zilizopo. Ya pili ikasema kwamba pale ambapo jambo hilo, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, linazuia kazi ya Kristo, waongofu hao watafurahia haki zao za Kikristo katika jengo lao wenyewe.

Ninapofika hapo darasani huwa nasimama kidogo. Tazama nani anaitwa dhaifu. Mtume Paulo, katika barua kwa Warumi na ile ya kwanza kwa Wakorintho, anawazungumzia ndugu walio dhaifu ambao dhamiri zao zinakwazwa na nyama iliyotolewa kwa sanamu. Anamwambia mwenye nguvu aache nyama yake kwa ajili yao. Sinodi ya 1857 iliugeuza ushauri huo juu chini. Mwenye shamba, mwenye bunduki, mwenye kura, ndiye aliyehurumiwa kama dhaifu. Aliyeambiwa aache haki yake ni kibarua. Na kwa kuwa sinodi haikuufuta ukweli wa sehemu ya kwanza, kila mtu alirudi nyumbani na dhamiri iliyotulia.

Jumapili ya Chakula cha Bwana mimi huwa miongoni mwa wanaoandaa meza. Natandika kitambaa cheupe, napanga vikombe vidogo kwenye trei, namimina divai taratibu isimwagike. Kisha watu huja na kupiga magoti kwa mistari kuzunguka madhabahu. Nimemwona mama anayeuza vitumbua kituo cha daladala amepiga magoti bega kwa bega na meneja wa benki, na mlinzi amepiga magoti jirani na mwenye nyumba anayoilinda. Hakuna aliyewapanga, mstari ndio uliowaleta. Wote wamekinga mikono mitupu wakingoja kupewa. Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa jambo hili hili: wenye nacho walitangulia kula wakashiba, maskini wakabaki na njaa, naye akawaambia kwamba kwa kufanya hivyo wanachokula si Chakula cha Bwana tena. Tangu hapo kanisa lina kipimo. Meza inayochagua wageni kwa hadhi yao imekoma kuwa ya Bwana.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kule kusini ufa wenyewe ndio uliogeuka ukuta. Mwaka 1881 lilianzishwa kanisa la misheni kwa ajili ya watu wa rangi mchanganyiko. Baadaye likaja la Waafrika weusi, kisha la watu wenye asili ya India. Kanisa mama likabaki la Wazungu. Ruhusa iliyotolewa kwa ajili ya wachache ikawa kawaida ya wote, na kawaida ikishazeeka hutafutiwa sababu. Wanatheolojia wakaenda kwenye mnara wa Babeli, wakasema Mungu ndiye aliyetenganisha mataifa, kwa hiyo kuyachanganya ni kumpinga. Wakaenda Matendo ya Mitume 17, mahali Paulo anapozungumzia mipaka ya makazi ya watu, wakaishika mipaka na kuruka maneno yanayotangulia, kwamba mataifa yote yametoka kwa mtu mmoja.

Hoja yao ilikuwa na sura nzuri, na haki inanidai niseme hivyo. Wamisionari wa Kijerumani nao walifundisha kwamba kila taifa linastahili kanisa lenye lugha na desturi zake. Bruno Gutmann aliishi Old Moshi miaka mingi akiheshimu ukoo, ujirani na rika za Wachaga, na akataka kanisa lijengwe juu ya vifungo hivyo. Heshima hiyo ilizaa matunda. Lakini wazo lilelile, likiwekwa mikononi mwa watu wenye serikali, jeshi na sehemu kubwa kabisa ya ardhi, linakuwa silaha. Waziri Mkuu wa 1948, D. F. Malan, alikuwa amewahi kuwa mchungaji wa Kanisa la Matengenezo. Sheria ya mwaka 1949 iliyokataza ndoa kati ya Wazungu na wengine ilikuwa imeombwa na kanisa kabla serikali haijaitunga.

Mwaka mmoja kijana wa kipaimara aliniuliza: "Mwalimu, hawa si walikuwa wanasoma Biblia hii hii?" Ndiyo, mwanangu. Waliisoma asubuhi na jioni. Ndiyo maana waliowapinga kwa uzito zaidi walikuwa watu walioisoma pia.

Mmoja wao Watanzania wa Kusini wanamjua. Trevor Huddleston, mtawa Mwanglikana kutoka Uingereza, alikuja Sophiatown, Johannesburg, mwaka 1943. Desmond Tutu alipenda kusimulia jinsi alivyomwona, yeye akiwa mtoto, padri mrefu Mzungu akimvulia kofia mama yake, mwanamke mweusi mfanyakazi. Kuvua kofia hakubadilishi sheria. Lakini mtoto yule alielewa papo hapo kwamba mama yake ni mtu wa kuheshimiwa, na kwamba mtu yule anaamini hivyo kwa sababu ya Mungu wake. Serikali ilipoanza kuibomoa Sophiatown mwaka 1955, Huddleston alisimama na watu. Mwaka uliofuata wakubwa wake wakamrudisha Uingereza, na mwaka 1960 akaja kwetu kuwa askofu wa Masasi, akakaa hadi 1968.

Askofu mkuu wake kule Cape Town, Geoffrey Clayton, alikuwa mtu wa tahadhari aliyemwona Huddleston mkali mno. Mwaka 1957 serikali ilileta muswada wa kumpa waziri uwezo wa kuwazuia Waafrika kuhudhuria ibada katika makanisa yaliyo maeneo ya Wazungu. Tahadhari ya Clayton ikafika mwisho. Jumatano ya Majivu, tarehe 6 Machi, siku ileile Ghana ilipokuwa inapata uhuru, alitia sahihi barua kwa Waziri Mkuu Strijdom: sheria hiyo hawezi kuitii, wala hawezi kuwashauri waumini wake waitii. Kesho yake akafariki dunia. Nampenda mzee huyu kwa sababu hakuwa jasiri kwa asili. Aliweza kuvumilia mengi, lakini walipogusa mlango wa kanisa alijua kwamba sasa anaulizwa kuhusu imani yenyewe.

Mwaka 1960, baada ya polisi kuua watu 69 huko Sharpeville, makanisa yalikutana Cottesloe, Johannesburg, yakakubaliana kwamba hakuna amwaminiye Kristo anayeweza kufungiwa kanisa kwa sababu ya rangi, na kwamba Biblia haikatazi ndoa za watu wa rangi tofauti. Wajumbe wa Kanisa la Matengenezo kutoka Cape na Transvaal nao waliyakubali hayo. Waziri Mkuu Verwoerd akaja juu, na sinodi zao zikawaruka. Beyers Naudé peke yake hakurudi nyuma. Baba yake alikuwa mmoja wa waasisi wa Broederbond, chama cha siri cha Makaburu. Naye mwenyewe alikuwa kiongozi wa kanisa aliyetazamiwa makubwa. Mwaka 1963 aliacha usharika wake na chama hicho, akaanzisha Taasisi ya Kikristo iliyowakutanisha watu wa rangi zote. Mwaka 1977 serikali iliifunga taasisi hiyo na kumwekea Naudé marufuku iliyodumu hadi 1984.

Mwaka huohuo wa 1977, mwezi Juni, zamu ilifika kwetu. Shirikisho la Walutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, wa kwanza katika bara la Afrika. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tangu watoto wa shule wapigwe risasi Soweto. Jiji lilikuwa limejaa wakimbizi na wapigania uhuru, kwa kuwa Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Baba yangu alikuwa mwinjilisti, na habari hiyo aliisimulia kila nyumba aliyopita.

Ila mimi naona jambo kubwa zaidi la mkutano ule ni azimio lake juu ya kusini mwa Afrika. Wajumbe walikiri kwamba kwa kawaida Wakristo wanaweza kutofautiana katika siasa na bado wakabaki ndugu. Mmoja ataipenda serikali hii, mwingine ile. Lakini upo mfumo unaopotoka kiasi kwamba kuukubali ni kuikana Injili, na ubaguzi wa rangi umefika hapo. Kwa hiyo kuukataa hadharani ni sehemu ya kuikiri imani. Hoja hii ilikuwa na historia: Dietrich Bonhoeffer aliisimamia Ujerumani mwaka 1933, pale Wakristo wenye asili ya Kiyahudi walipoanza kutengwa katika utumishi wa kanisa. Dar es Salaam iliirudisha, safari hii kwa ajili ya mtu mweusi. Na haikubaki maneno. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya Walutheri Wazungu wa kusini mwa Afrika yaliyoshindwa kuukataa ubaguzi yalisimamishwa uanachama.

Miaka mitano baada ya Dar es Salaam, makanisa ya mapokeo ya Calvin yalikutana Ottawa, Kanada. Ibada ya ufunguzi ilikuwa na Chakula cha Bwana. Wajumbe weusi na wa rangi mchanganyiko kutoka Afrika Kusini wakakataa kula. Walieleza kwamba hawawezi kushiriki ugenini, pamoja na wajumbe wa kanisa la Wazungu, meza ambayo nyumbani wamefungiwa. Nimelitafakari tendo hilo mara nyingi. Mwaka 1857 mwenye nguvu alikataa kula na mnyonge kwa dharau. Mwaka 1982 mnyonge alikataa kula kwa sababu aliiheshimu Meza kuliko waliomfungia, hakutaka itumike kufunika uongo. Mkutano ukatamka kwamba ubaguzi wa rangi ni dhambi, na kuutetea kwa Biblia ni uzushi. Kanisa la Wazungu likasimamishwa, na Allan Boesak, mchungaji wa lile kanisa lililozaliwa mwaka 1881, akachaguliwa rais.

Mwaka huohuo kanisa lake lilikutana Belhar, kitongoji cha Cape Town walikohamishiwa watu wa rangi mchanganyiko, likaandika ungamo la imani. Miongoni mwa walioliandaa walikuwemo Boesak na maprofesa Wazungu Dirk Smit na Jaap Durand. Ungamo la Belhar, lililopitishwa rasmi mwaka 1986, linasimama juu ya mambo matatu: umoja wa kanisa, upatanisho, na haki ya Mungu aliye upande wa anayeonewa. Barua iliyoambatana nalo inasema halikuandikwa ili kumhukumu mtu. Kwa miaka 130 hivi watu hawa walikuwa wameambiwa wangoje udhaifu wa wengine upone, nao wakaandika bila matusi.

Mambo yakaanza kulegea. Novemba 1990, kwenye mkutano wa makanisa huko Rustenburg, profesa Willie Jonker wa kanisa la Wazungu alikiri hadharani hatia yake na ya kanisa lake. Tutu akasimama akalipokea ungamo hilo. Aprili 1994, siku chache kabla ya uchaguzi uliomweka Mandela madarakani, kanisa la watu wa rangi mchanganyiko na lile la weusi yaliungana huko Belhar. Kanisa la Wazungu liliungama kwamba lilikosea, na milango yake iko wazi, lakini mpaka leo halijaungana nao kuwa kanisa moja. Sheria za ubaguzi zilifutwa katika miaka michache. Kilichoharibiwa mezani bado kinatengenezwa.

Wapo wanaoniambia kwamba natia uzito mno kwenye Meza, na mfano wao ni Rwanda. Kule watu walikula mkate mmoja kwa miaka mingi, na mwaka 1994 waliuana, wengine ndani ya makanisa yenyewe, Ntarama na Nyamata. Kwenye mahakama ya Arusha hata watumishi wa Mungu walitiwa hatiani. Ni kweli, na sina jibu jepesi la kuwapa. Lakini naona ndiyo sababu Belhar haikuishia kwenye umoja. Watu wanaweza kupiga magoti pamoja huku kitambulisho mfukoni kikiwapanga kwa kabila, huku shule na kazi zikigawiwa kwa kipimo hicho, na mchungaji asiseme neno. Meza ya pamoja bila haki inaugua. Haki inayodaiwa bila Meza nayo hukosa mahali ambapo aliyekosa na aliyekosewa wanaweza kuonana tena kama watoto wa baba mmoja.

Tuna sharika kubwa sasa. Tuna ibada ya Kiswahili na ya Kiingereza, na mahali pengine ya lugha ya nyumbani. Hilo si kosa, mtu aisikie Injili kwa lugha inayomwingia. Kosa linaanza pale ibada inapokuwa ya watu fulani, na mwingine akiingia anatazamwa alivyovaa au anaulizwa kwao wapi. Linaanza pale baraza la wazee linapopokea ombi dogo la adabu, kwamba kikundi fulani kingejisikia vizuri zaidi kikiwa peke yake. Wajumbe wa 1857 hawakuwa watu waovu. Walichoka na ugomvi, wakataka amani, wakampa mwenye nguvu alichoomba na kuiita hatua hiyo huruma. Sisi tunaoketi kwenye mabaraza hayo leo tunawajibika kulijibu ombi kama hilo siku ya kwanza linapoletwa, na jibu liko tayari tangu 1829: jambo hili halifai hata kuwekwa kwenye ajenda.